Ubao wa Wakuu wa Wexholme

Kasisi Imogen aliniita Jumatatu, akanionyesha ubao.
"Majina yamefifia. Yapake dhahabu upya.
Wako ishirini na saba. Usiongeze, usipunguze."
Nikapanda ngazi, brashi sikioni,
nikaanza na Osbern.

Osbern alikuja na watawa sita na punda mmoja
kwenye kinamasi ambacho hata bata walikihama.
Kitabu cha kanisa kinasema alijenga altare.
Hakisemi kuwa alianza na mtaro wa maji machafu.
Altare haipo tena.
Mtaro upo, nyuma ya makaburi, na bado unapitisha maji.

Drogo alijenga mnara, ukaanguka.
Hamo akaujenga tena, ukainama
kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.
Eudo akauacha vivyo hivyo. Kusimama ni kusimama, alisema.

Gervase alipenda mbwa.
Askofu alimwandikia mara tatu
juu ya hao mbwa wanaobweka katikati ya zaburi.
Mara ya nne akaletewa kitoto cha mbwa ndani ya kikapu,
na barua zikakoma.

Kisha mkono ukasita.
Mwaka wa tauni una mistari mitatu:
Thurstan, Aprili. Odo, Juni. Simeoni, Agosti.
Aliyeuandika ubao zamani aliwabana,
herufi zimegusana mabega
kama watu waliolazwa shimo moja.
Nilitaka kuwapa nafasi. Ubao hauna nafasi.

Chini yao pana mstari mtupu.
Miaka kumi na mmoja, hakuna jina.
Walibaki wanne, anasema Kasisi, na mmoja wao kipofu.
Nani alipiga kengele alfajiri?
Nani aliamua kuni zichanjwe au zingoje?
Nawaona wameketi kwenye meza ya watu arobaini,
supu inapoa,
kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme neno la kwanza.

Nikashuka, nikanywa chai. Nikapanda tena.

Lambert aliuza sufu ya kondoo ambao hawajazaliwa.
Maji yalipozidi unga akauza na mito ya kulalia,
akafa usingizini, kichwa juu ya gogo,
akiwadai wadeni wake msamaha.

Wa baada yake amekwanguliwa kwa kisu.
Nilipapasa kwa kidole: R, kisha jeraha, kisha f.
Kosa lake hakuna alijuaye,
ila aliyeshika kisu alikuwa na hasira na muda wa kutosha.
Nilijaza dhahabu ndani ya mikwaruzo.
Iling'aa kuliko jina lolote.

Wa mwisho ni Piers.
Watu wa mfalme walikuja na mizani,
wakapima risasi ya paa kabla ya kumsalimu.
Alitia sahihi. Nimeiona nakala:
mwandiko wake haukutetemeka,
na kwa hilo kijiji hakijamsamehe mpaka leo.
Akapewa pensheni, akavuka mto, akapanda vitunguu,
akamwoa Agneta, mjane wa mwoka mikate.
Usiku mvua ilipoingia kanisani lisilo na paa
yeye alikuwa ng'ambo, kitandani, macho wazi,
anaisikia ikipiga mawe aliyoyafagia miaka thelathini.
Herufi zake tano nilizipaka polepole.

Jioni Kasisi alikuja, akavaa miwani,
akahesabu kwa kidole toka juu.
Akasimama katikati.
"Hapa kwenye mstari mtupu pana nukta ya dhahabu."
Nilikuwa nafunga makopo.
"Rangi ilidondoka," nikasema.
Akaitazama nukta, akanitazama mimi.
"Basi iache," akasema, "ikauke."